Mstari wa Wietske

Reinou Kingma hajawahi kumwambia mchezaji yeyote kwamba amenenepa. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe hulisema kila akipata wa kumsikiliza, na ni kweli. Katika kampuni yetu ya baleti pale Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi, neno uzito lilipigwa marufuku baada ya magazeti kujaa habari za shule moja ya kusini iliyowashindisha wanafunzi njaa. Mizani iliyokaa kwenye korido miaka nenda rudi ikabebwa stoo. Ukutani ikabandikwa namba ya simu ya mshauri. Na mwalimu Reinou, mwanamke aliyekuwa akitupanga na kututoa jasho kila asubuhi, akatia saini kwamba hatazungumzia mwili wa mtu. Akashika ahadi. Hakuhitaji kuivunja, alikuwa na neno lingine.

Neno lenyewe ni mstari, na kwetu lina kazi nyingi kuliko punda wa kukodi. Wasichana mkipangwa bega kwa bega jukwaani, huo ni mstari. Ukiinua mguu nyuma na mkono mbele, umbo linalochorwa kutoka kidole cha juu hadi kidole cha chini, huo nao ni mstari, na ukisifiwa huo mara moja unaota nao mwaka mzima. Halafu kuna mstari wa nyumbani, wa akina shangazi kwenye sherehe za kuzaliwa. Shangazi analetewa keki, anaisukuma kwa kidole, anasema hapana, asante, natunza mstari. Maana yake anajinyima asinenepe. Hakuna mtoto wa kwetu Friesland ambaye hajakua akilisikia hilo, na hakuna shangazi ambaye hakuishia kula hiyo keki.

Sasa Wietske Terpstra. Msimwazie msichana mnyonge wa kuonewa huruma, maana hakuwa hivyo kabisa. Alikuwa binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa karibu na Wommels, mrefu hata kwa watu wa kwetu, mkavu wa macho, na mdomo wake haukuwa na mlango. Siku yake ya kwanza alikaa sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafungua mkate wenye jibini nene, akashushia na maziwa moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, huku wenzake wakimtazama kama kavua nguo kanisani. Aliwauliza kama wana tatizo. Mimi nikampenda hapo hapo, kwa jeuri yake. Tukapanga nyumba pamoja juu ya duka la baiskeli, tukawa tunagombania bafu kama dada wa tumbo moja.

Ndoto yake ilikuwa moja na wala hakuificha. Alitaka kucheza. Si kuwa maarufu, si kuolewa na mwanamuziki, ni kucheza tu, hata kama ni mwisho wa safu, mpaka miguu imkatalie. Baba yake alimwambia nafasi yake zizini ipo siku zote. Alimjibu kwamba heri avunjike miguu yote kuliko kurudi kukamua. Watu hujisemea tu.

Mwaka huo tulikuwa tunaandaa onyesho lenye sehemu ya weupe, ile ambayo wasichana wote huvaa nyeupe na kutembea pamoja mpaka mtazamaji asijue yupi ni yupi. Kwa urefu wake Wietske alipangwa pembeni kabisa, na mimi nikawa jirani yake. Asubuhi moja ya Oktoba tuko katikati ya mazoezi, mwalimu Reinou akainua mkono, piano ikanyamaza.

"Wietske," akasema. "Mstari."

Basi. Hakuongeza neno, piano ikaendelea. Lakini mimi nilikuwa namwona Wietske kwenye kioo. Macho yake hayakwenda chini kwenye miguu. Yalikwenda tumboni, yakakaa hapo. Mchana ule alinipa mkate wake wote, akasema leo hana hamu.

Mwanzoni sikujali, nikaula. Baadaye nikaanza kuona. Tufaha moja alilikata vipande vyembamba mpaka unaweza kusomea gazeti kupitia hapo, akavila mchana kutwa. Kahawa nyeusi asubuhi, kahawa nyeusi mchana. Nyumbani akawa mpishi hodari, anatupikia mimi na wageni wangu, anazunguka meza akituuliza kama chumvi imekolea, na sahani yake mwenyewe haipo. Mikononi yakamwota manyoya mepesi, na aliona baridi hata akiwa amekaa juu ya kipasha joto. Ile sauti yake ya kuvunja madirisha ikapungua. Hata kugombania bafu akaacha, ananiachia tu niingie.

Na unajua watu wa baleti tulifanya nini? Tulimsifia. Fundi nguo alimbana kiuno cha vazi, akambana tena, kila mara akisema amependeza. Mkurugenzi, ambaye miaka miwili alikuwa hajui jina lake, akamsimamisha korido kumwambia anaonekana. Mwezi wa Desemba, katika mazoezi ya ile sehemu ya weupe, mwalimu Reinou alisimama mbele yetu, mikono nyuma, akatuangalia kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho. Macho yake yakaishia kwa Wietske.

"Sasa huo ndio mstari," akasema.

Siku ile Wietske alirudi nyumbani anaimba. Siku hizo hizo niligundua kwamba hanikopi tena pedi. Nikamuuliza kwenye chumba cha nguo mbele ya wenzetu, sina staha kwa mambo hayo. Akasema siku zake zimekatika, na alilisema kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Wasichana waliokuwa pale wakamwambia jamani una bahati, wewe huna hata wasiwasi wa mavazi meupe. Nikawaambia ni wajinga wote. Wakanisonya.

Sherehe yake ya kuzaliwa ilifanyika shambani kwao, baada ya mwaka mpya. Viti vimepangwa duara ukutani kama kawaida, kila anayeingia anampa mkono kila aliyekaa na kumpongeza, hata mimi nilipongezwa kwa kuzaliwa kwa Wietske. Ikaletwa keki ya maganda ya machungwa yenye sukari ya rangi ya waridi juu. Wietske ndiye aliyekata, ndiye aliyegawa, ndiye aliyezungusha kahawa. Akapita duara lote, na kila mtu alipata kipande, na kila mtu aliona kwamba cha kwake hakipo, na hakuna aliyesema. Shangazi mmoja tu alicheka, akasema tazameni, msichana anatunza mstari, si kama sisi manyangumi.

Mama yake, Bi Tsjikke, alinifuata jikoni nilikokwenda kuosha vikombe. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi, na aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

"Wewe ndiye mkubwa pale, Froukje. Mtoto anaisha mbele ya macho yako, umefunga mdomo."

Nikamjibu kwamba Wietske ni mtu mzima, mimi si yaya wake. Jibu la kipumbavu, lakini alikuwa amenivamia.

"Ng'ombe wangu akiacha kula siku moja tu, namwita daktari," akasema. "Nyinyi mnampa maua."

Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa vikombe ambavyo nilikuwa nimeshavipangusa. Nilirudi mjini nimenuna njia nzima, na yule binti yake kando yangu garini amevaa makoti mawili anatetemeka.

Kesho yake nilipika supu ya njegere, ile nzito ambayo kijiko kinasimama wima, na soseji ndani. Nikamwekea bakuli mbele. Akaikoroga. Akaisukuma soseji upande mmoja, akairudisha upande mwingine. Nikamwambia ale. Akaniuliza kama nimeajiriwa na mama yake. Nikamwambia ale au nitammwagia hiyo supu kichwani, na wallahi nilikuwa nimeshashika bakuli.

Aliniangalia taratibu, kuanzia usoni mpaka kiunoni, akarudi tena usoni.

"Shida yako inajulikana, Froukje," akasema. "Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukusifia mstari. Sasa umemwona mwenzio anasifiwa, roho inakuuma. Kunywa supu yako, mama. Inaonekana inakukubali."

Nilimtukana tusi ambalo mama yangu hajui kama nalijua. Supu nikaimwaga kwenye sinki, sufuria nzima, njegere zikaziba bomba. Baada ya hapo tukawa tunaishi nyumba moja kama wapangaji wasiojuana, na salamu zikaisha.

Lakini hasira haikunifanya kipofu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kumuuma mbele, kwenye mfupa. Mtaalamu wa viungo aliubonyeza, Wietske akaruka, na yule mtaalamu akamwambia mbele yangu waziwazi: mfupa unaanza kufanya ufa, apumzike na ale, la sivyo utakatika na akiruka tena katika maisha yake itakuwa ni ndotoni. Wietske akamshukuru kwa adabu. Alipotoka akafunga bendeji, akavaa soksi ya sufu juu yake, akaingia mazoezini.

Nikaenda kwa mwalimu Reinou. Nilimkuta koridoni, pale pale ilipokuwa mizani, ukuta bado una alama yake. Nikamwambia mwalimu, Wietske hali chakula.

"Hapa hatuzungumzii miili ya watu," akasema. "Kanuni unaijua."

"Sizungumzii mwili. Nazungumzia chakula."

"Chakula cha mtu ni mambo yake. Mimi naangalia kazi, na kazi yake sasa ni safi kuliko yako." Akanionyesha ile namba ya mshauri ukutani kwa kalamu, kama naomba njia ya kwenda stesheni. "Mwambie apige, akipenda."

Nikapiga mwenyewe. Mshauri alikuwa mpole sana, akaniambia mhusika lazima apige kwa hiari yake. Nilikata simu kabla hajamaliza. Kanuni ile iliwekwa ili kutulinda sisi, na mimi niliona kwa macho yangu ikimlinda Reinou.

Mfupa ulikatika Februari, kwenye zoezi la mwisho la mavazi. Haukuwa mruko mkubwa. Ulikuwa mruko ambao watoto wa darasa la kwanza huruka wakicheka. Alitua, nikasikia mlio, na kwanza nikadhani ni ubao wa jukwaa. Hakupiga kelele. Alisogea mpaka mahali pake kando yangu kwa mguu mmoja, akiwa na tabasamu lile tunalofundishwa, maana safu haivunjwi, akasimama hapo mpaka muziki ulipofika kwenye kituo. Ndipo akakaa chini, akaniambia, "Froukje, sioni vizuri." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu supu.

Hospitali wakamwekea vyuma. Daktari alisema mifupa yake ni ya bibi kizee. Kutembea atatembea, kucheza asahau. Alisema na mengine, kuhusu moyo, kuhusu kulazwa sehemu nyingine kwa muda mrefu baada ya mguu, na mama yake akawa anaitikia kila kitu. Wietske alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama onyesho lijalo ataweza kuwahi.

Machi akaja kuchukua vitu vyake kampuni, na magongo, na Bi Tsjikke kando yake. Mimi nilibeba begi. Mwalimu Reinou akatukaribisha ofisini, akamimina kahawa, akafungua kopo la biskuti, kila mtu moja, akalifunga kopo. Biskuti ya Wietske ikakaa kwenye kisahani. Sote tuliiangalia.

Bi Tsjikke hakuja kunywa kahawa. Alisema binti yake aliingia pale na miguu miwili na hamu ya kula, na anatoka bila vyote, na anataka kujua nani aliyemwambia apungue. Mwalimu Reinou akaweka kikombe chini. Akasema anasikitika sana, lakini tangu kanuni mpya hajamwambia mtu yeyote neno kama hilo, na atafurahi akiletewa aliyelisikia.

"Mimi nililisikia," akasema Wietske.

"Lini?"

"Oktoba. Ulisimamisha piano. Ukasema, Wietske, mstari."

Mwalimu Reinou alimkodolea macho. Nimemchukia yule mwanamke muda mrefu, namjua uso wake kila pembe, na nasema wazi: hakuwa anaigiza. Hakukumbuka kwanza, halafu akakumbuka.

"Ulikuwa umetoka nje ya safu," akasema. "Nusu kiatu. Una miguu mirefu, ulikuwa unawatangulia wenzako. Nilimaanisha urudi nyuma."

Bi Tsjikke akamgeukia binti yake, kisha akamgeukia Reinou, kama anayesubiri mmoja wao acheke.

"Na Desemba?" Wietske akauliza. "Ulisema sasa huo ndio mstari."

"Kwa sababu ulikuwa umenyooka. Uliurekebisha mwenyewe. Ulifupisha hatua."

"Hakufupisha hatua," nikasema, na nilikuwa nimesimama bila kujua. "Hakuwa na nguvu za kuirefusha. Alikuwa anajikokota, mwalimu, na wewe ukamsifu kwa kujikokota."

Hapo Reinou akageuka mwekundu, na kama ilivyo kwa watu wa aina yake, aibu ikamtokea kwa sura ya ukali. Akasema neno mstari ni neno la kazi. Akasema amelitumia maisha yake yote, mcheza baleti yeyote anajua ni la safu na ni la miguu, na hawezi kubeba lawama kwa sababu msichana mmoja alilisikia vibaya. Akasema samahani lakini ndivyo ilivyo, hakuna mwingine aliyewahi kulielewa hivyo.

"Waulize," akasema Wietske.

"Sina haja ya kuuliza. Njooni mwone."

Akatoka mbele kwa hatua zake za jeshi, sisi nyuma, magongo yakigonga sakafu. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa umejaa. Walikuwa kwenye ile ile sehemu ya weupe, na pembeni, mahali pa Wietske, palikuwa na msichana mpya, mrefu naye, na hata kutoka mlangoni uliona kwamba amewatangulia wenzake. Amesimama nje ya safu kabisa, kiatu kizima. Mwalimu Reinou hakumtaja jina. Alipiga kofi moja.

"Mstari!"

Kioo cha ukumbi ule kinachukua ukuta mzima, kwa hiyo tuliwaona wote kwa pamoja. Hakuna aliyeangalia miguu. Hata mmoja. Matumbo yalikwenda ndani, yote kwa mara moja, safu nzima, mbavu zikajitokeza chini ya fulana. Msichana mpya akabaki pale pale nje ya safu, amebana pumzi, macho kwenye kiuno chake.

Mpiga piano akaondoa mikono. Mwalimu Reinou akasema tena, safari hii taratibu, karibu kama anaomba: "Mstari." Wakavuta zaidi, pale ambapo hapakuwa na tumbo lililobaki la kuvutwa.

Sitasema nilimhurumia. Nilifurahi, nilifurahi vibaya, nilitaka asimame pale mpaka jioni akiwaangalia. Nikamgeukia Wietske ili tufurahi wote, angalau hilo tulipate pamoja.

Wietske alikuwa amejiegemeza kwenye magongo mlangoni, anajitazama kioo, na tumbo lake lilikuwa ndani. Alikuwa ameuvuta ule mwili usio na kitu mpaka mkanda wa koti ukamlegea. Mama yake naye akaliona. Bi Tsjikke hakumwangalia Reinou tena, wala wale wasichana. Akaweka kiganja chake kwenye tumbo la mwanawe, mbele ya watu wote, akamwambia kwa sauti ya chini, "Achia, mwanangu."

Tulishuka ngazi polepole, mimi na begi, wao nyuma. Mpaka tunafika kwenye gari, Wietske alikuwa bado hajaachia.